Kipoyi na Siku ya Tatu ya Kufunga

Kwenye kilima cha Gasenyi mgonjwa habebwi polepole. Filimbi ikilia, kila nyumba hutoa mwanaume mmoja, kipoyi, machela ya miti miwili, hushushwa kutoka darini mwa kanisa, na mgonjwa akishafungwa vizuri ndani ya blanketi, watu wanne hutia miti begani na kuanza kukimbia. Wengine wanne hukimbia nyuma wakisubiri zamu. Hukimbia wakiimba. Watu wa vilima vya jirani wakisikia wimbo unapita bondeni husema, "Wale ni wa Gasenyi," na watu wa Gasenyi hupenda sana kusemwa hivyo.

Alhamisi ile asubuhi aliyelala kwenye kipoyi alikuwa Béata, binti wa kwanza wa Karekezi, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika tangu jana yake mchana. Mganga wa kituo cha afya alimpapasa tumbo, akanawa mikono, akamvuta Karekezi kando.

"Papa Béata, mutoto amelala kwa upande. Mimi hapa siwezi kitu. Inaomba bamupasue, kule Mweso. Mufike mbele ya saa tisa. Kisha pale sijui."

Ilikuwa saa tatu. Kutoka Gasenyi hadi Mweso mtu mwenye miguu mizuri hutembea saa nne: hushuka hadi mtoni, hupanda mgongo wa mlima, kisha hushuka tena upande wa pili. Pikipiki hazikuwa zikipita tangu mvua iliposomba daraja. Vijana wengi wa kilima walikuwa wameenda kwenye migodi ya Rubaya kubeba mawe ya koltani. Waliobaki wa kushika kipoyi walikuwa wanane tu, na wote wanane walikuwa watu wa kikundi cha maombi.

Na kikundi cha maombi kilikuwa kimefunga.

Ni Karekezi mwenyewe aliyeomba hivyo. Jumatatu jioni alisimama mbele ya wenzake, akasema miguu ya Béata imevimba na moyo wake hautulii, akawaomba wafunge naye siku tatu kavu, bila chakula na bila maji, hadi jua la Alhamisi litakapotua. Hakuna aliyekataa. Habumugisha, kiongozi wa kikundi, mtu wa miaka hamsini na miwili mwenye mabega kama ya fahali, alimshika mkono na kusema, "Mutoto wako ni mutoto wetu." Walikwenda nyumbani wakiwa na furaha. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba Béata angeweza kuhitaji miguu yao kabla ya siku tatu kwisha.

Karekezi wazo hilo lilimpitia kidogo, lakini hakulitamka. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mchungaji wa ng'ombe, na tangu mwaka uliopita alikuwa mwanafunzi wa masomo ya jioni. Baada ya kukamua alikuwa anavua mabuti, anaosha uso, anaenda kuketi kwenye benchi la watoto na magoti yakimfika kifuani. Alipenda hesabu, lakini biologia aliipenda zaidi, kwa sababu kila alilofundishwa humo lilimfanya atake kuomba. Usiku aliweka daftari upande mmoja wa mto wake wa kulalia na Biblia upande wa pili. Havikuwahi kugombana, kwa kuwa hakuwahi kuvifungua pamoja.

Wiki mbili kabla, mwalimu Umutoni, msichana mdogo kuliko Béata, aliwatoa darasani wote na kuwakimbiza uwanjani mara tatu. Kisha akasema, "Sasa muimbe."

Noël, muuza makaa, aliyekimbia nyuma ya wote kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, aliimba ubeti mzima. Karekezi aliyetangulia wote alifungua kinywa na hakutoa hata neno.

"Muone Papa Béata!" alicheka Mama Hélène, akishika mbavu. "Anahema sawa ng'ombe ya kuzaa!"

"Haiko nguvu njo inamukosea," alisema Umutoni. "Ni hewa. Amepita hewa yake."

Waliporudi ndani alichora mapafu ubaoni, na moyo, na mguu wa mtu. Akaeleza kwamba misuli inachoma chakula kama jiko linavyochoma kuni, na hakuna moto bila hewa. Mtu akivuta pumzi, damu inapokea oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka hadi kwenye misuli. Kuni zenyewe ni za aina mbili. Sukari ni kama majani makavu, inawaka haraka na kwa nguvu. Mafuta ni kama gogo, yanakaa muda mrefu, lakini yanawaka polepole na yanadai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mtu akikimbia kuliko hewa yake, misuli inajaribu kuvunja sukari bila oksijeni. Inaweza, ila kwa muda mfupi, na inateketeza akiba upesi sana, na miguu inaanza kuungua.

"Kwa hiyo muntu mwenye kuimba," alisema Umutoni, "hewa ingali inamutosha. Wimbo ukikatika, upunguze mwendo."

Karekezi aliinua mkono. "Na muntu mwenye kufunga, Mwalimu?"

"Ile sukari ya akiba inakaa kwa ini na kwa misuli. Ya ini inaisha karibu siku ya kwanza. Muntu akitulia haiko shida, mafuta inamutunza, anaweza kuomba muzuri. Lakini asipande mulima na muzigo, Papa. Na kama hanywe maji, ni mubaya zaidi. Damu inapunguka, moyo unasumbuka kuisukuma."

Aliandika yote kwa herufi zake kubwa. Kisha akafunga daftari.

Sasa alikuwa ameshika mti wa mbele wa kipoyi upande wa kulia, na kilima kizima kilikuwa kinakimbia chini yake. Mbele, upande wa kushoto, alikuwa Habumugisha. Nyuma alikuwepo Jean de Dieu, mume wa Béata, na Gisubizo fundi wa mbao. Nishimwe, mkewe Karekezi, alikimbia kando akiwa na kifurushi cha nguo kichwani na mkono mmoja juu ya blanketi. Waliimba. Kushuka kuliwapa moyo, maana mtu anayeshuka hubebwa na kilima chenyewe, na walifika mtoni upesi kuliko walivyowahi kufika.

"Munaona?" alisema Habumugisha walipokuwa wakivuka, maji yakiwafika magotini. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na alipita katikati ya maji bila kuyatazama. "Bwana njo anabeba. Siye tunashika miti tu."

Kisha wakaanza kupanda.

Hatua mia za kwanza walizikimbia, kwa sababu watu wa Gasenyi hukimbia. Wimbo ulikatika kabla ya kona ya kwanza. Karekezi alisikia mapaja yake yakiwaka, moyo ukigonga hadi masikioni, na ulimi umekauka kama ngozi iliyoanikwa. Wakabadilishana. Waliopokea hawakufika mbali. Wakabadilishana tena. Zamu ambayo siku nyingine ilikwenda hadi mtu ahesabu mia mbili, sasa haikufika hamsini. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyeishiwa, na kila mmoja aliona aibu.

Walipofika mahali njia inapopita kwenye jiwe la utelezi, goti la Jean de Dieu lilikunjika. Hakujikwaa, goti lilikataa tu. Kipoyi kililala upande, Béata akapiga kelele ambayo babaye hakuwahi kuisikia kwake, na Karekezi aliushika mti kwa mikono miwili na kifua hadi Gisubizo alipoweka bega chini. Wakakitua majanini. Jean de Dieu alijitapikia maji machache ya njano, akabaki amepiga magoti, akilia bila machozi.

"Simameni," alisema Habumugisha. Alikuwa anahema kama wote. "Ni shetani. Anajua jua likitua tumeshinda. Simameni."

Wawili walisimama. Mmoja akaketi tena.

Karekezi aliangalia juu. Mgongo wa mlima ulikuwa bado mbali, na ukungu ulikuwa umeukalia. Jua lilikuwa limefika katikati ya mbingu. Hapo ndipo daftari lilipofunguka kichwani mwake, lenyewe, na ukurasa ukawa mbele yake na herufi zake kubwa: *asipande mulima na muzigo.*

"Papa Habumugisha," alisema. "Tumekwisha kuni."

"Nini?"

"Ndani ya mwili. Ile sukari imekwisha. Tunapanda na mafuta peke yake, na hewa haitoshi kuyachoma. Na maji hatuna. Tukiinuka sasa tutaanguka naye, na mara ingine sitamudaka."

"Ile ni maneno ya masomo yako ya jioni?"

"Njo," Karekezi alikubali.

Habumugisha aligeuka na kumkabili. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza Karekezi zaidi. "Ni wewe ulituomba tufunge," alisema kwa sauti ya chini. "Ulisimama mbele ya Mungu. Bado saa sita tu. Tukivunja sasa, na Béata akipata tatizo, utalala namna gani?"

Karekezi alimtazama binti yake. Lilikuwa ndilo swali lenyewe.

Nyuma yao, kwenye njia, alitokea mwanamke aliyebeba ndizi mbivu ndani ya kikapu, mkungu juu ya mkungu, kamba ya kikapu imepita kwenye paji la uso. Alikuwa Kyakimwa, mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, anayefahamika kwenye masoko yote hadi Kitshanga. Alisimama, akawaangalia watu wanane waliokaa majanini na mgonjwa katikati yao.

"Mbona mumekaa sawa batu ba matanga na mugonjwa anapumua?"

"Tumefunga, Mama," alisema Gisubizo. "Siku ya tatu. Kavu."

"Munafunga na munabeba?" Alishusha kikapu chini kwa kishindo. "Mie ni Mukatoliki, mambo yenu siyajue. Lakini Mungu alibaomba mubebe ao mufunge? Juu mambo yote mbili naona imebashinda."

Jean de Dieu aliinua uso. Nishimwe alianza kutoa ndizi kikapuni bila hata kuomba, akiziweka juu ya majani, moja mbele ya kila mwanaume, kama anavyoweka sahani nyumbani. Hakuna aliyegusa. Waliangalia ndizi, kisha wakamwangalia Karekezi, kwa kuwa ahadi ilikuwa yake.

Kutoka ndani ya blanketi Béata alisema, "Papa."

Akamkaribia.

"Mukule," alisema Béata. Jasho lilikuwa limelowesha nywele zake. "Mimi njo ninaumwa. Mukule."

Karekezi alipiga magoti pale pale. Aliomba bila kufumba macho. *Bwana, nilikupa mwili wangu siku tatu. Wewe uliyeweka akiba ya sukari ndani ya ini la mtu ndiye huyo huyo niliyekuahidi, na unajua ilikwisha saa ngapi kuliko mwalimu Umutoni. Kama nakosa, dhambi iwe yangu, isimfuate mtoto.* Alingoja. Hakusikia sauti yoyote, ila pumzi za watu na pumzi fupi za binti yake. Akachukua ndizi, akaimenya, akaila. Utamu ulimchoma ulimi. Alikula huku akilia, yeye pia bila machozi, na alipomaliza moja alichukua nyingine.

Gisubizo alifuata, kisha Jean de Dieu, kisha wengine. Kyakimwa alitoa dumu lake la maji ya kunywa, akawatazama wakilipokezana. "Kidogo kidogo," aliwakemea. "Hamuko ng'ombe kwa mutoni."

Habumugisha hakula. Aliirudisha ndizi yake kikapuni taratibu, bila dharau.

"Basi twende!" Jean de Dieu alikuwa ameshashika mti.

"Bado," alisema Karekezi.

"Papa mukwe, muda unaisha!"

"Najua. Chakula kingali tumboni. Inaomba kiingie kwa damu, na damu ikipeleke kwa miguu. Tukae kidogo tu. Robo saa."

Ile robo saa ilikuwa ngumu kuliko siku tatu za njaa. Béata aliuma blanketi. Nishimwe alimpangusa uso na hakumwangalia mumewe. Jean de Dieu alizunguka zunguka kama ndama aliyefungwa. Karekezi aliketi na mikono juu ya magoti, akijilazimisha kuvuta pumzi ndefu, na akajua kwamba mtu akimwona kwa mbali angesema, huyu baba hana moyo.

Kisha akasimama na kwenda kwa Habumugisha.

"Papa, usibebe tena. Utangulie mbele yetu na uimbe. Siye tutaitikia. Ukisikia hatuitikie, upunguze mwendo hadi tuitikie."

"Gasenyi hatutembeake na mugonjwa."

"Leo tutatembea."

Habumugisha alisimama, akajipangusa majani. Kwa mtu aliyebeba kipoyi miaka thelathini, kuambiwa atangulie mikono mitupu kulikuwa kupoteza heshima si ndogo. Lakini alitangulia. Sauti yake ilitoka kavu na yenye mikwaruzo, na wao wakaitikia kutoka chini ya miti. Mwanzoni aliwavuta mbele kwa mazoea, itikio likafifia, akageuka, akaona nyuso zao, akapunguza. Baada ya kona mbili alikuwa ameshika kipimo. Walibadilishana mwishoni mwa kila ubeti, hata kama bega lilikuwa bado lina nguvu, maana Karekezi aliwakataza kungoja hadi liishe. Miguu haikuwaka tena kama mwanzo. Ilichoka, ila ilitii. Kyakimwa, aliyekuwa anapanda nyuma yao na kikapu chake, aliwaimbia kwa maneno ya Kinande, lugha yake, ambayo hawakuyaelewa, na yakaingia vizuri tu kwenye wimbo.

Walivuka mgongo wa mlima ndani ya ukungu. Watu wawili waliokuwa wanachunga mbuzi waliwaangalia wakipita kwa mwendo wa watu wanaotoka shambani. Mmoja akasema kwa sauti, "Wale hawawezi kuwa wa Gasenyi." Gisubizo alicheka hadi akakosa itikio. Karekezi hakuona vibaya hata kidogo.

Mweso waliingia saa nane na nusu.

Béata alipasuliwa mara moja. Mtoto alitolewa akiwa hai, msichana, mwenye mkono mmoja ulioviringika kwa kulala vibaya. Lakini mama alikuwa amepoteza damu nyingi. Muuguzi, jina lake Kétsia, alitoka nje akiwa na karatasi mkononi na kuwauliza wanaume walioegemea ukuta kama mifuko ya mihogo nani angeweza kutoa damu. Mfuko mmoja wa damu ulikuwepo, walikwisha kumwekea. Ulihitajika wa pili. Aliwachoma vidole wote wanane apime aina za damu. Waliofaa walikuwa wawili, Gisubizo na Habumugisha. Gisubizo alipopimwa, mapigo ya moyo wake hayakuwa yametulia bado.

"Wewe hapana, kaka, leo umebeba sana." Akamgeukia Habumugisha, akampima, akakunja uso. "Papa, leo umekula nini?"

"Sijakula, dada. Tangu Jumatatu."

"Na maji?"

"Hata."

"Basi siwezi kukutoa damu. Utaanguka mbele ya mufuko kujaa. Unywe kwanza, ukule, ulale kidogo, kisha nikupime mara ya pili. Ukikataa, nitaenda kutafuta mutu mungine kwa soko, lakini itachelewa."

Akaingia ndani. Habumugisha alibaki ameketi kwenye benchi. Jua lilikuwa juu ya vilima kwa urefu wa mkono uliokunjuliwa. Bado saa moja na zaidi. Karekezi alikaa karibu naye. Alikuwa na maneno mengi, na kila moja lilikuwa la kumsihi. Akayazuia. Alijua sasa jinsi ilivyo kuwa na watu saba wanaokutazama na ndizi mbele yako.

Baada ya muda Habumugisha aliuliza, bila kugeuza kichwa, "Yule mwalimu wako mudogo. Alisema damu inafanya nini?"

"Inabeba hewa," alisema Karekezi. "Unavuta pumzi, hewa inaingia kwa mapafu, lakini haiwezi kutembea yenyewe. Damu njo inaishika na kuipeleka kila pahali. Kwa kichwa, kwa moyo, kwa miguu. Muntu akiwa na damu kidogo anaweza kuvuta pumzi sana, na bado hewa haimufikie."

"Kwa hiyo pale ndani anavuta pumzi."

"Anavuta."

"Na haimufikie."

Karekezi aliinamisha kichwa kukubali.

Habumugisha aliangalia mikono yake mikubwa, akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akaegemea ukuta na kuinua sauti kuelekea mlangoni, sauti ile ile iliyowavusha mlima, imebaki nusu.

"Dada Kétsia! Lete ile uji. Na maji."

Kikombe kilipokuja alikishika kwa mikono miwili. Midomo yake ilisogea muda mfupi, na yale aliyosema yalikuwa kati yake na Mungu wake. Akanywa, akakohoa, akanywa tena polepole hadi chini. Akamrudishia Kétsia kikombe.

"Kimoja tena," alisema. "Na huku sukari haikufika, dada. Tia sukari. Niko na kazi."

Walimlaza, wakampima, wakamngoja, wakampima tena. Jua lilikuwa linatua mfuko ulipotundikwa juu ya kitanda cha Béata. Walimruhusu Karekezi aingie peke yake. Alikaa kwenye kigoda, akaushika mkono wa binti yake, akaangalia kucha zake. Zilikuwa nyeupe kama nta. Pumzi yake ilikuwa fupi na ya haraka, kama ya mtu anayepanda mlima, ingawa alikuwa amelala.

Tone lilifuata tone. Karekezi hakuomba kwa maneno. Alihesabu pumzi za Béata: thelathini na mbili kwa dakika, kisha thelathini, na baada ya muda mrefu, ishirini na nne. Wakati taa ya wodi ilipowashwa, kucha ya kidole gumba ilikuwa imeanza kupata wekundu kwenye mzizi wake, kidogo sana, mtu mwingine asingeuona.

Béata alifumbua macho. "Mutoto iko wapi?"

"Iko na bwana yako, pale inje. Amemushika sawa muntu ameshika mayai. Anaogopa hata kukaa."

Béata alitaka kucheka, ikamuuma, akaacha. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa yote, akalala.